Kaka amekataa kuwa baba wa ubatizo kwa sababu haamini Mungu. Hawa watu wana imani yao moja?

BintiUluguru (Morogoro)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisaidie kwa ustaarabu, matusi sitaki.

Nina mtoto mchanga anayetakiwa kubatizwa mwezi ujao. Nilimwomba kaka yangu mkubwa awe baba wa ubatizo, kwa sababu baba yetu alipofariki ndiye aliyenilipia ada hadi nikamaliza kidato cha sita. Ni fundi wa jenereta, anafanya kazi Dar. Alipokuja kumwona mtoto tulikuwa uani, mama anapepeta mchele, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, padre atauliza kama tunasadiki, na mimi nitatakiwa kujibu nasadiki. Sisadiki, na ni muda sasa. Siwezi kusimama pale nikamdanganya padre, tena mbele ya mtoto wako. Tafuta mwingine. Mchele wa sherehe nitaleta mimi."

Mama aliweka ungo chini akaingia ndani. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mama anasema kaka ameingia Freemason, ndiyo maana amenunua gari (ni kigari kuukuu, sijui Freemason gani wa kununua gari lenye kioo cha nailoni). Mjomba anasema huo ni ukomunisti, watu wa namna hiyo walikuwepo tangu enzi zake. Jirani anasema wana ibada zao usiku. Nilimuuliza kaka mwenyewe, "Sasa wewe unaamini nini?" Akacheka akasema anaamini ugali unapoa, twende tukale.

Maswali yangu: mtu asiyeamini Mungu maana yake ni nini hasa? Wana mafundisho yao, kiongozi, kitabu? Wote wanaamini kitu kimoja? Na kingine kinaniuma: anatuona sisi wajinga?

Mtumishi_77

Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Jibu lote liko hapo dada. Mwombee kaka yako afungwe minyororo ya akili. Samahani, afunguliwe.

KaraniMstaafu (Tanga)

Binti yangu wa Uluguru, hujambo.

Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuapisha mashahidi. Mezani kulikuwa na Biblia na Msahafu. Shahidi akipanda kizimbani anaulizwa jina, umri, kabila, kazi, dini. Akisema Mkristo, anaapa. Akisema Mwislamu, anathibitisha. Mtu ukiifanya kazi hiyo muda mrefu mdomo unaenda wenyewe.

Siku moja akapanda fundi wa simu, shahidi wa upande wa mashtaka kwenye kesi ya wizi wa nyaya. "Dini?" Akasema, "Sina." Nikamwambia ataje aliyozaliwa nayo. Akajibu kwa upole kabisa kwamba alipozaliwa alikuwa hajui hata kukaa. Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu hakucheka. Alivua miwani, akaniambia nifungue Sura ya 34, sheria yetu ya viapo. Humo imeandikwa kwamba anayekataa kuapa kwa sababu hana imani ya dini aruhusiwe kuthibitisha. Fundi akathibitisha, akatoa ushahidi wake, mshtakiwa akamhoji akachoka, na ushahidi ukapimwa kama wa mtu mwingine yeyote. Kwenye jalada niliandika: hana dini. Sikuwa na safu ya kuandika ana nini badala yake, na nadhani aliyepanga zile safu hakukosea. Ukiambiwa fulani haamini Mungu, umepewa taarifa moja. Bado hujaambiwa anapiga kura wapi, anawatunzaje wazazi, anaogopa nini usiku.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao tangu nikiwa kijana. Mke wangu anaswali swala tano, na Ramadhani foleni ya maziwa napanga mimi. Ndiyo maana hapa natumia jina la kazi.

Ndani ya hicho kitu kimoja kuna tofauti zake. Yupo anayesema kwa uhakika: Mungu hayupo. Yupo anayesema: nimesikiliza hoja zote, hazijanishawishi, kwa hiyo naishi bila yeye. Hawa wa pili ndio wengi kwa niliokutana nao, na kwa alivyoongea kaka yako nadhani ni wa hapo. Halafu yupo anayesema jambo hili binadamu hawezi kulijua. Huyo wa mwisho alipewa jina lake, agnostiki, yaani asiyejua, mwaka 1869 na Thomas Huxley, mwanasayansi wa Uingereza, lakini mipaka inaingiliana. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliandika mwaka 1947 kwamba akiongea na wanafalsafa wenzake angejiita asiyejua, kwa kuwa hawezi kuthibitisha kwamba Mungu hayupo. Ila akiongea na mtu wa kawaida barabarani angesema tu haamini, kwa sababu hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo na hakuna anayemsumbua kwa hilo.

Na jina lenyewe limebandikwa watu wengi ambao hungewategemea. Wewe ni Mkatoliki, muulize paroko wako habari za Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, mji unaoitwa leo Izmir huko Uturuki. Karne ya pili Wakristo walikuwa wakiitwa wakana Mungu kwa sababu waliikataa miungu ya dola ya Kirumi. Liwali alimwambia mzee yule aseme "waangamie wakana Mungu" ili asalimike. Polikarpo akaugeukia umati wa wapagani uwanjani, akawanyooshea mkono, akasema hivyo hivyo. Wakamchoma moto.

Sasa Freemason. Mwambie mama atulie kabisa. Chama hicho, kile cha asili ya Kiingereza kilichopo Afrika Mashariki, hakimpokei mtu asiyeamini kwamba yuko Mwenyezi aliye juu ya vyote. Ni sharti la mlangoni. Mzee Andy Chande wa Dar es Salaam, marehemu sasa, alikuwa mkubwa wao ukanda huu na hakuficha, na alikuwa Mhindu mwenye dini yake. Wafaransa wa Grand Orient, chama chao cha Freemason, walipolifuta sharti hilo mwaka 1877, Waingereza walikata uhusiano nao. Kwa hiyo kaka yako, kwa maneno aliyoyasema pale uani, amejifungia mlango wa Freemason mwenyewe. (Na hicho kioo cha nailoni kimenichekesha.)

Mjomba naye ana nusu ya hoja. Wakomunisti wengi kweli walikana Mungu, na wengine walitumia bunduki. Enver Hoxha wa Albania alifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967 akatangaza nchi yake haina Mungu. Lakini Ayn Rand, mwandishi wa Marekani mzaliwa wa Urusi, alimkana Mungu vilevile, na alichofundisha ni kinyume kabisa: serikali iondoke kwenye mfuko wa mtu, na kila mtu ajitafutie lake bila kuona haya. Hao wawili ukiwafungia chumba kimoja wangeuana kabla ya chai. Na upande wa pili, Mwalimu Nyerere alikuwa mjamaa na misa hakosi, na alisema wazi kwamba ujamaa hauna habari na swali la kama Mungu yupo au hayupo. Kumuuliza asiyeamini anafuata mafundisho gani ni kama kumuuliza mtu ambaye si shabiki wa Simba kwamba kwa hiyo yeye ni timu gani. Huenda ni Yanga. Huenda ni Coastal Union, Mungu amsaidie. Huenda mpira haupendi.

Nikupe mfano wa karibu zaidi. Hapa Ngamiani kuna mama muuza vitambaa, mcheshi, ana ulimi. Alizika watoto wawili, na baada ya wa pili akaacha kabisa kusema "inshallah". Ukimwambia Mungu atajalia, anakujibu, "Nani?" Basi mama huyo akisukwa hatoki saluni bila kuokota nywele zake zote zilizodondoka. Anazizungusha kidoleni, anazitia kwenye kipochi, anakwenda kuzichoma mwenyewe nyumbani. Nilimuuliza siku moja, mbona Mungu umemkataa na wachawi umewabakiza? Akaniambia, "Wachawi nimewaona kazi yao." Huyo ni asiyeamini Mungu halali kabisa. Mimi naye tunalingana kwenye jambo moja hilo, mengine yote tunabishana.

Na si wa Ngamiani peke yao. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, na wenzao walitoa matokeo ya utafiti wa nchi sita: Brazil, China, Denmark, Japani, Marekani na Uingereza. Wengi wa wasioamini Mungu kule walikubali angalau kitu kimoja kisicho cha kawaida, iwe nyota, majaaliwa au nguvu fulani. Walipoulizwa cha thamani maishani, familia na uhuru vilikuja juu, na vilikuja juu kwa watu wengine wa nchi zile pia. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani nayo ilikuta karibu mmoja kati ya watano wa wanaojiita wakana Mungu anasema kuna nguvu fulani ya juu. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu sebuleni.

Kuna kundi moja lenye kitu kinachofanana na mafundisho: wale wanaojiita wahumanisti. Wana tamko lililopitishwa Amsterdam mwaka 1952 na kufanyiwa marekebisho baadaye, linalosema utu, fikra huru, kuwajibika kwa binadamu wenzako. Uganda wana hata shule. Iko moja Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Lakini asiyeamini halazimiki kuwa mhumanisti, na wengi hawajawahi kulisikia hilo tamko. Kitabu kitakatifu hakuna. Kiongozi hakuna. Ibada za usiku, jirani yako aache kuangalia filamu za Kinigeria.

La mwisho ndilo lililokuuma. Wapo wanaowaona waumini wajinga, sitakudanganya. Vijana wa mtandaoni wamejaa dharau, wanasoma hoja tatu kwenye simu wanaanza kumtukana bibi aliyewalea. Kaka yako simwoni huko. Angekuwa anawadharau angesema nasadiki, angepiga picha, angekula pilau akaenda zake. Wangapi wanafanya hivyo kila Jumapili? Yeye ameona neno lile ni zito kiasi kwamba mtu asiyelimaanisha asilitamke. Mimi nimeapisha maelfu, nimewaona walioshika kitabu kwa mikono miwili na kusema uongo mchana kweupe. Mwamini kaka yako.

Mtumishi_77

Mzee karani umeandika sana lakini moto upo.

KaraniMstaafu (Tanga)

Sawa mwanangu.

Abuu_Sumayya (Muscat)

Assalamu alaykum. Mzee karani anaandika vizuri, nakiri, ila anampitisha binti mlango wa nyuma. Anasema hawana imani yoyote ya pamoja. Si kweli. Wapo tangu zamani na imani yao inajulikana. Qur'ani 45:24 inawataja waliosema hakuna ila uhai wetu huu wa dunia, tunakufa na tunaishi, na hakituangamizi ila dahari. Hayo ni mafundisho: ulimwengu ulijitokea, ukifa umekwisha, hakuna hesabu. Wanavyuoni wetu waliwajibu watu hao karne nyingi kabla hakujakuwa na intaneti. Ukikana Muumba ni lazima useme vitu vimetoka wapi, na ukishasema, tayari una itikadi. Hakuna mtu anayekaa hewani.

Binti, kaka yako usimtenge. Muulize swali hilo moja tu: umetoka wapi? Kisha msikilize.

KaraniMstaafu (Tanga)

Waalaykumu salaam, Abuu Sumayya. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na mimi binafsi nina itikadi hiyo uliyoitaja: naona nikifa nimekwisha, na sioni hesabu mbele. Wengi wanaoandika vitabu na kufanya midahalo wako hapo pia.

Ila umesema ni lazima mtu aseme vitu vimetoka wapi. Kwa nini ni lazima? Shahidi akiulizwa nani aliiba nyaya anaweza kujibu, "Sijui, lakini huyu mliyemleta sikumwona." Mahakamani hilo ni jibu kamili. Wapo wasioamini wengi ambao juu ya mwanzo wa dunia wanajibu hivyo na kulala usingizi. Wengine wanaamini mizimu. Mama wa Ngamiani hakubali hata kidogo kwamba kufa ni kuisha. Anasema mwanawe wa kwanza humjia ndotoni na kumwambia milango ya kufunga. Utamweka kwenye aya ipi?

Ushauri wako wa kuuliza kisha kusikiliza nauunga mkono mia kwa mia. Nimewaona wengi wanaouliza, wanaosikiliza wachache.

Nyali_Breeze (Mombasa)

Nimesoma nikaona nichangie kutoka huku kwetu. Watu wengi huchanganya kutoamini Mungu na kutokuwa na dini. Hapa Mombasa, Langoni Road pale Mji wa Kale, kuna hekalu jeupe la Wajaini, utalijua kwa nakshi zake za marumaru. Majirani wote huwaita tu Wahindi. Nimefanya kazi duka la mmoja wao miaka ya nyuma. Wajaini hawaamini Mungu muumba. Ulimwengu kwao hauna mwanzo wala aliyeuumba. Wanaowaheshimu ni walimu wao ishirini na wanne waliojikomboa. Na ukitaka watu wa kushika dini, ni hao: bosi wangu hakula kitunguu, hakula kiazi, wala kitu chochote kilichong'olewa na mizizi, na siku za mfungo wao alikaa na maji ya moto pekee hadi jua lizame. Sasa huyo tumwite nani? Muumba hana, na dini anayo kunishinda mimi.

Pia Kenya wasioamini wana chama, kwa hiyo kidogo tumewazoea. Chama chao kilisajiliwa Februari 2016, kikiongozwa na Harrison Mumia. Hakikumaliza nusu mwaka kabla serikali kuusimamisha usajili ati kinahatarisha amani. Wakaenda kortini, na chama kipo hadi sasa. Vitu wanavyopigania ni kama maombi kupunguzwa kwa shule na ofisi za serikali. Hapo ndipo mnaweza kusema wana msimamo wa pamoja, lakini huo ni msimamo wa wanachama. Sensa yetu ya 2019 iliuliza dini, na watu 755,750 wakaandikwa hawana dini, kati ya milioni 47 na kitu. Ukienda mkutano wa hicho chama huwezi kuwapata hao laki saba. Wengi ni watu tu wako majumbani, wengine pengine ni wazee wa mila waliokataa kuitwa Wakristo.

Na mwaka 2021 katibu wa hicho chama alijiuzulu. Sababu? Amempata Yesu. Mumia akatoa taarifa ya kumshukuru, akamtakia kila la heri na Yesu wake, na akatangaza nafasi iko wazi. Hakuna aliyetengwa, hakuna aliyelaaniwa. Mimi ni Mwanglikana na nilisema moyoni, hata sisi mtu akihamia kanisa jingine hatumuagi hivyo.

BintiUluguru (Morogoro)

Asanteni sana jamani. Shikamoo mzee karani. Nimemsomea mama ile habari ya Freemason, akaniuliza, "Huyo Chande alikuwa na dini kweli?" Nikasema ndiyo, Mhindu. Akasema, "Afadhali." Ameanza kupokea simu za kaka.

Huku Tanzania tukihesabiwa mbona hatuulizwi dini? Ningependa kujua wako wangapi.

KaraniMstaafu (Tanga)

Marahaba. Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967. Serikali iliona ni afadhali kutojua. Katiba yetu yenyewe inaitaja Tanzania kuwa nchi isiyo na dini, maana yake dola. Watu wake wana zao. Kwa hiyo wasioamini wa Tanzania hawana hesabu, na kwa kuwa hospitali, polisi na mahakama wanauliza dini kwenye fomu, wengi wanajaza ile ya nyumbani kwao ili foleni isonge.

Katekista_Yosefu

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kuiona mada hii, nilikuwa kigangoni.

Dada, mimi nafundisha wazazi na wasimamizi kabla ya ubatizo, na nataka nikuambie jambo ambalo huenda hukulitarajia kwa katekista: kaka yako ametenda haki kwa Kanisa. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inataka msimamizi awe Mkatoliki, amepata kipaimara na Ekaristi, ametimiza miaka kumi na sita, na anaishi maisha yanayolingana na imani na jukumu analolipokea. Siku yenyewe anaulizwa mbele ya wote kama anamkataa Shetani na kama anasadiki. Nimewaona wasimamizi wanaojibu "nasadiki" huku wanatazama simu. Aliyekataa kwa sababu hasadiki amekuokoa wewe na mtoto. Msimamizi mmoja anatosha, si lazima wawe wawili, kwa hiyo kama umeshampata mama wa ubatizo, ratiba haiharibiki.

Mzee karani, kwako nina neno. Umesema mtu anaweza kujibu "sijui" akalala usingizi. Mimi sijawahi kukutana na mgonjwa mahututi aliyelala usingizi na jibu hilo, na ninapeleka Komunyo kwa wagonjwa kila wiki.

KaraniMstaafu (Tanga)

Katekista, wanaokuita wewe kitandani ni wale wanaotaka uje. Hao wengine hungewaona. Lakini siongezi neno, kwa sababu kwa binti huyu umesema lililo kubwa kuliko yangu yote.

BintiUluguru (Morogoro)

Katekista asante, nimelia kidogo. Nimemtumia kaka ujumbe wako, amejibu "mwambie asante, huyo ni mtu wa kweli."

Limebaki la mama. Anauliza kaka akifa atazikwa na nani. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi sasa, Freemason imeisha.

KaraniMstaafu (Tanga)

Mama wa Kiafrika hakosi kufika hapo. Mwambie kaka aandike. Karatasi, jina kamili, anataka azikwe wapi, anataka au hataki misa, nani aseme neno kaburini, mashahidi wawili wasaini, nakala moja kwako. Nimeona jalada za ndugu waliogombania maiti, na kila mara tatizo lilikuwa hakuna karatasi. Kuhusu kuchimba kaburi, mtaa hauulizi katekisimu. Fundi jenereta aliyewasha taa za misiba ya wenzake atachimbiwa. Mimi mwenyewe ya kwangu nimeshaiandika: mke wangu afanye anavyoona, kwa sababu msiba utakuwa wake.

Wenzangu wengine wanasema huo ni usaliti, mtu afe na msimamo wake. Unaona? Hata kwenye kuzikwa hatukubaliani.

Katekista_Yosefu

Kwa upande wetu, aliyeiacha imani hadharani anaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa asipoonyesha dalili ya kutubu. Kukiwa na shaka, anaulizwa askofu. Kwa hiyo mama asiamue leo. Na ninyi msitangaze mambo ya kaka kwenye jumuiya kabla yake mwenyewe.

BintiUluguru (Morogoro)

Sawa, nimeelewa. Basi tumekubaliana baba wa ubatizo awe mjomba, yule wa ukomunisti. Amefurahi sana, ameshaanza kutafuta suti. Kaka atakuja, amesema atakaa benchi la nyuma na ndiye atakayebeba mfuko wa nepi. Mchele ameshatuma, kilo hamsini wa Kyela.

Katekista, swali dogo. Mjomba ana kipaimara, misa haikosi, ila na mke wake wa sasa hawajafunga ndoa kanisani. Hiyo ina shida?

Katekista_Yosefu

Aisee. Suti isishonwe kwanza. Mpeleke kwa paroko wiki hii, tena aende na huyo mama.